Nani Ataiombolezea Hangar ya Lubumbashi?

Mwaka 1954 alifariki Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés. Miaka 8 kabla ya hapo, yaani 1946, alikuwa ameanzisha mjini humo shule ndogo ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Alipozikwa yeye, shule nayo ilikwisha. Wanafunzi wake walihamia Akademia ya Sanaa, iliyofunguliwa mwaka 1951 na mchoraji wa Kibelgiji Laurent Moonens, picha zao zikaendelea kununuliwa na kusafirishwa, na tanuri za shaba za Katanga zikaendelea kuwaka. Katika vitabu vingi kifo cha mwalimu kinatajwa kwa heshima yake, lakini kifo cha shule hupewa nusu ya sentensi. Msikilizaji, nusu hiyo ya sentensi ndiyo iliyonileta mbele ya kinasa sauti leo. Nashikilia kwamba shule ya sanaa ikifungwa inastahili kuombolezwa kwa shairi na kwa rangi za mahali ilipoishi, na kwamba maombolezo hayo ni kazi ya lazima: bila kuyafanya hatujui tumepoteza nini, na asiyejua alichopoteza hawezi hata kukitafuta.

Tuanze na shule yenyewe. Desfossés hakuwafundisha wanafunzi wake kunakili sanamu za Kigiriki wala kupima sura ya mtu kwa kalamu. Aliwakataza kuiga Ulaya, akawataka wachore wanachokijua, mito na wanyama na hadithi za kwao, kila mmoja kwa mkono wake. Matokeo yake yanaonekana hata kwa mtu asiyesoma sanaa siku moja. Bela, aliyetoka mbali kabisa, Chad, na anayejulikana kwa jina la Bela Sara, alipaka rangi kwa ncha za vidole, tone juu ya tone, mpaka wanyama na watu wakajitokeza kutoka katika umande wa nukta. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2007, alijaza karatasi zake samaki, ndege na nyoka, kila gamba na kila unyoya umepewa haki yake, na nyuma yao hakuna nafasi iliyoachwa bila alama. Mwenze Kibwanga, aliyeishi toka 1925 hadi 1999, alijenga watu na wanyama wake kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, kahawia na manjano ya udongo, kama nyuzi za mkeka unaosukwa. Weka picha za watu hawa watatu ukutani, ondoa majina, na hakuna atakayezichanganya. Nakuomba ukumbuke jambo hilo, kwa sababu shule nyingi za sanaa duniani hujulikana kwa wanafunzi wanaofanana na mwalimu. Hapa walisoma chini ya paa moja na kila mmoja akatoka na lugha yake.

Sasa, shule kama hiyo inapofungwa, ni nani anayeandika tanzia yake? Kwa kawaida ni mhasibu. Hatuhitaji kurudi mwaka 1954 kuliona hilo. Chuo cha sanaa cha San Francisco, Marekani, kilichoanzishwa 1871, kiliacha kufundisha mwaka 2022 na mwaka uliofuata kikaingia katika kesi ya ufilisi. Ukutani mwake kulikuwa na mchoro mkubwa wa Diego Rivera wa mwaka 1931, uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 50. Tazama ajabu hiyo: ukuta mmoja wa chuo ulikadiriwa mamilioni, na chuo chenyewe kikashindwa kulipa madeni. Huko Philadelphia, mwaka 2024, chuo kikuu cha sanaa chenye wanafunzi zaidi ya 1,000 kilitangaza tarehe 31 Mei kwamba kitafunga milango tarehe 7 Juni. Siku 7. Katika hali zote mbili hesabu zilifanywa kwa uangalifu mkubwa: jengo, deni, samani, michoro inayohamishika na isiyohamishika. Silalamikii hesabu hizo, maana watumishi wana mishahara ya kudai na wadai wana haki zao. Ila daftari la ufilisi lina safu za vitu vinavyoweza kuuzwa tu. Halina safu ya namna mwalimu fulani alivyosimama nyuma ya mwanafunzi akanyamaza. Na katika shule ya sanaa, ukimya ule ndio mtaji wenyewe.

Ushairi una safu hiyo, na katika Afrika ya Kati una safu hiyo kwa jina maalumu. Waluba wa Kongo wana utanzu wa kasala, ambao Patrice Mufuta aliuandikia kitabu mwaka 1969 na Clémentine Faïk-Nzuji akauandikia kingine kilichochapishwa Lubumbashi kwenyewe mwaka 1974. Kasala husemwa katika sherehe na katika vita, lakini nguvu yake huonekana hasa msibani. Msanii husimama akamwita marehemu kwa majina yake, akayaita majina ya waliomzaa na ya waliowazaa hao, akamhusisha na mnyama, mti au mto uliobeba tabia yake, mpaka walio hai wakajikuta wanalia na wakati huohuo wamesimama wima zaidi. Kazi ya kasala ni kumpambanua mtu. Haitoshi kusema alikuwa mwema, maana wema ni wengi. Lazima isemwe alikuwa nani, wa nani, wa wapi, na alikuwa hodari wa lipi. Sisi wa pwani na wa bara la Kiswahili hatuko mbali na desturi hiyo. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923 lilifungua kurasa zake kwa washairi, na tangu wakati huo magazeti na redio zetu zimebeba mashairi ya rambirambi kwa viongozi, kwa walimu, kwa wake na waume. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi ambalo bado linasomwa mashuleni. Tuna chombo, tuna mazoea ya kukitumia, na bado shule inapokufa tunakiacha kimetundikwa.

Ili nisiishie kuwashauri wengine, nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya mazungumzo haya:

Bela rangi kwa vidole, tone tone alijaza,
Pilipili maji yale, samaki aliwakuza,
Mwenze mistari tele, udongo ukapendeza,
Leo kimya, siku zile, nani wa kutueleza?

Ubeti huu ni mwepesi, lakini umenifanyia kazi moja ambayo maelezo ya kawaida hayakuilazimisha. Vina na mizani vilinibana. Sikuweza kusema kwamba Hangar ilikuwa na wachoraji mahiri nikapita, kwa sababu kila kipande kilidai tendo la mtu mmoja: huyu kidole, huyu maji, huyu mstari. Nilipofika mshororo wa nne nikakuta tayari nimekwisha kusema kilichokuwa cha pekee katika shule hii, kwamba mikono mitatu ilisoma pamoja na haikufanana. Mhasibu angeandika picha kadhaa za watoto wa shule moja. Mshairi, hata wa kiasi changu, amelazimika kuzitenganisha. Na maombolezo yanayotenganisha ndiyo yanayomsaidia mtu wa miaka 50 ijayo atakayetaka kuanzisha shule nyingine, kwani yatamwambia cha kurudisha ni nini: uhuru wa mikono kutofanana.

Nasema pia rangi, na hapa najua msikilizaji makini atanisimamisha. Rangi za mahali zipi, wakati wachoraji wa Hangar walitumia rangi za dukani zilizotoka Ulaya kwa meli na treni? Ni kweli. Lakini rangi huwa ya mahali kwa namna inavyochaguliwa na kwa maana inayobebeshwa. Waluba walikuwa na nyeupe ya pemba, udongo ule mweupe wa baraka na wa mizimu, na nyekundu ya nkula, unga wa mti unaopakwa mwilini na katika mambo mazito. Ardhi ya Katanga ina kijani cha malakaiti, jiwe ambalo wenyeji walilichimba na kuliyeyusha wakapata misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Ina wekundu wa vichuguu na weusi wa kilima cha taka za kiwanda kinachoonekana karibu na bomba refu la moshi la Lubumbashi. Mchoraji aliyekulia humo, ukimpa boksi la rangi za Brussels, mkono wake utajua ipi ni ya udongo wa nyumbani. Kahawia za Mwenze ni ushahidi wa kutosha.

Tena, katika nchi ya Waluba rangi na utenzi havikuwahi kuwa vitu viwili vilivyokaa mbalimbali. Wazee wa chama cha Mbudye, watunza historia ya ufalme, walikuwa na kibao cha mbao kiitwacho lukasa, kinachoenea mkononi, kimepigiliwa shanga na makombe. Mtunza kumbukumbu alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kwa mpangilio wake, ukubwa wake na rangi yake akasimulia asili ya wafalme, safari zao, maagano yao na mahali patakatifu. Shanga hizo hazikuandika maneno. Ziliyaamsha, na msimuliaji mmoja angeweza kusimulia tofauti na mwenzake kwa kufuata kibao kilekile, kutegemea hadhira na shauri lililokuwapo. Huo ni ujuzi mkubwa mno, na ulikuwa umestawi katika eneo hilohilo kabla Hangar haijafikiriwa. Kwa hiyo ninapotaka shule ya Lubumbashi iombolezwe kwa neno na rangi kwa pamoja, sileti pambo jipya kutoka nje. Nadai itunzwe kwa kanuni ya ukumbusho ambayo nchi yake iliifahamu.

Kuna pingamizi zito kuliko la rangi. Watu watauliza: kwa nini tuililie shule ya kikoloni? Elisabethville ilikuwa mji uliogawanywa, Wazungu huku, Waafrika kule. Desfossés aliamini kuna roho safi ya Kiafrika inayopaswa kulindwa isichafuliwe, na imani hiyo, hata ikiwa na upendo ndani yake, ilimpa yeye kiti cha kuamua Mwafrika halisi ni yupi. Wanunuzi wengi wa picha walikuwa Wazungu, na picha nyingi ziko Ulaya mpaka leo, zikiwamo zilizo katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji. Mwaka 2015 zilipoonyeshwa tena kwa kishindo, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, zilionyeshwa Paris. Nayakubali hayo yote, na hayapunguzi hoja yangu. Kuomboleza si kusafisha. Katika matanga yetu watu hukaa wakasema ukweli wa marehemu, madeni yake yakatajwa, na mwenye dai akajitokeza. Mshairi atakayeiombolezea Hangar kwa haki atawataja Bela, Pilipili na Mwenze kabla ya kumtaja mwalimu wao. Atauliza pia kwa nini Bela tunamjua kwa jina la Sara, ambalo ni jina la watu wa kwao huko Chad, kana kwamba kabila lilitosha kuwa ukoo. Akishauliza hivyo, ukoloni umekwisha kushtakiwa ndani ya maombolezo yenyewe, kwa mtu mmoja na jina moja, na shtaka la namna hiyo huwa zito kuliko hotuba. Asiyelia hawezi kudai urithi. Anayesema tusiilie shule hii kwa sababu ilikuwa ya mkoloni anamwachia mkoloni picha, heshima na hadithi, vyote kwa mkupuo.

Wengine watasema shule haikufa, iliunganishwa. Wanafunzi walipata Akademia, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Jambo hili ni la kweli na ni la faraja, na nisingependa kulipuuza, kwani kizazi cha vijana wa Lubumbashi kilifundishwa na mikono hiyo. Hata hivyo, kuhamisha watu hakuhamishi mpango. Akademia ilikuwa chuo kwa mfano wa vyuo vya Ulaya, na kufanya kazi katika chuo cha namna hiyo ni tofauti na kukaa katika karakana ambamo sheria kuu ni kutomwiga mtu. Wanaounganisha shule hupenda neno kuendelea, maana linaepusha maswali. Napendekeza kipimo kingine: tuulize kama jambo lililofanyika katika shule ya kwanza liliweza kufanyika tena katika ya pili. Kama mgeni wa kutoka Chad, asiyejua kanuni yoyote ya mchoro, angeweza kuja mwaka 1960 akaketi na kupaka rangi kwa vidole bila kuelekezwa mkono, basi hakika Hangar iliendelea. Kama hapana, tukubali kwamba kitu kilikufa mwaka 1954 hata kama watu wake waliishi, wakafanya kazi na wakasifiwa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wapenzi wa uchoraji wa mitaani, nami nina mapenzi hayo pia. Wanasema Kongo haikuhitaji shule: mtazame Tshibumba Kanda Matulu. Huyu alijifunza mwenyewe, na katika miaka ya 1970 aliichora historia ya nchi yake nzima kwa zaidi ya picha 100, akamsimulia mtafiti Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Masimulizi hayo yamehifadhiwa na ni hazina ya lugha yetu. Sawa, Tshibumba hakupita Hangar. Lakini tazama alichokifanya: alichora, kisha akasema. Hakuridhika kwamba picha ya Lumumba amefungwa mikono inatosha peke yake; aliipa maneno, akaeleza chanzo, akaeleza nani alikuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa anatimiza kazi ya mtunza lukasa kwa brashi na kwa sauti, na kama leo tunajua alichowaza, tunajua kwa sababu sauti ile ilinaswa. Wale wa Hangar hawakubahatika kupata simulizi ndefu kama hiyo, picha kwa picha. Mfano wa Tshibumba, basi, hauonyeshi kwamba shule si kitu. Unaonyesha kile ambacho shule hukosa inapoondoka bila neno.

Limebaki la fedha, na ni la haki. Shairi halilipi kodi ya jengo. Mtu mwenye moyo wa kusaidia angeona ni heri atoe mchango kuliko kutunga beti. Natazama upande wetu wa bahari kwa jibu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kinachofundisha taarab, kidumbak, udi na kanuni, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kinakabiliwa na hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Kilio kile kilisikika mpaka nchi za mbali, na chuo kikaendelea kufundisha. Sidai kwamba mashairi ndiyo yaliyokiokoa. Nadai kwamba kilio kilisikika kwa sababu kilikuwa na la kusema: muziki wa Siti binti Saad na Bi Kidude, ala fulani, mji fulani, vijana wanaozipiga ala hizo. Mwenye fedha naye ni mtu, hutoa akijua anatoa kwa ajili ya nini. Mahali ambapo majina yamekwisha sahauliwa, hata mchango ukija huishia kwenye bati na saruji, jengo likang'aa na mafunzo yasirudi.

Lubumbashi ya leo haina upungufu wa wasanii. Tangu 2008 mji huo umekuwa na maonyesho ya kimataifa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, yaliyoanzishwa na wasanii wa mji wenyewe, akiwamo Sammy Baloji, ambaye amefanya kazi kubwa ya kuzirudisha mbele ya macho yetu picha za zamani za migodi na wachimbaji. Una watu wa kasala, wa Kasai na wa Katanga, ambao bado wanaitwa misibani. Una makumbusho ya taifa. Vipande vyote vya maombolezo viko mjini. Havijawahi kuitwa katika kikao kimoja kwa ajili ya shule. Ningependa kuona msomaji wa kasala amesimama mbele ya picha ya Mwenze, au mbele ya nakala yake kama Tervuren haitairudisha, akaziita kahawia zile kwa majina ya udongo wa huko, na mchoraji kijana akazichanganya palepale hadharani kutoka katika udongo wenyewe, pemba na nkula na unga wa malakaiti. Hilo lingekuwa somo na matanga kwa pamoja, na watoto wa shule za msingi wangeweza kulihudhuria bila kulipa.

Na lina haraka yake. Vijana waliofundishwa na Pilipili na Mwenze katika Akademia miaka ya 1960 sasa ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Wao hawakuiona Hangar, lakini waliwasikia walimu wao wakiisimulia, na masimulizi ya darasani ndiyo ushahidi wa karibu zaidi tuliobaki nao. Redio za Lubumbashi zinaweza kuwafikia kwa safari ya daladala moja. Waulizwe mambo madogo: Mwenze alianza picha kutoka upande gani wa karatasi, Pilipili alikuwa anasema nini mwanafunzi anapomletea samaki asiyefanana na samaki, ni rangi gani ilikwisha kwanza katika boksi. Majibu yao yarekodiwe kwa Kiswahili chao cha Katanga, kama kinavyosemwa, bila kunyooshwa, na nakala moja wakabidhiwe washairi.